Simu ya Bei ya Ng'ombe

Kabiria, Nairobi
Jumapili

Mama mpendwa,

Mirembe, amani iwe kwako. Nimetoka kanisani sasa hivi, nimekaa mlangoni penye mwanga na karatasi nimeiweka juu ya ubao wa kukatia nguo. Natumaini barua hii itakukuta umeamka salama na goti limekupa nafasi kidogo, maana najua mvua ikinyesha huko kwetu goti lako ndilo hupata habari kwanza. Ile dawa ya kuchua ilifika? Na mahindi ya shamba la chini, yamesimama au maji ya mto yameyalaza tena? Kaka Habili aliniandikia kwamba Baba sasa anatembea hadi sokoni na kurudi bila kupumzika njiani. Mwambie nimefurahi, lakini asishindane na vijana.

Mkwe wako Zeki ni mzima. Bado yuko Naivasha, wanatengeneza milango na makabati ya hoteli mpya. Mimi nami ni mzima, kwa namna nitakayokueleza.

Utashangaa kwa nini nakuandikia barua wakati siku hizi ni meseji tu. Meseji zako husomwa na Habili kwanza, kisha ndipo anakuelezea. Simlaumu, macho yako na kile kisimu chako kidogo havielewani. Lakini haya ya leo nataka uyasome mwenyewe kwa miwani yako, tangu mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana nitaiweka barua ndani ya kifurushi cha mapazia, mahali ambapo hakuna atakayefungua isipokuwa wewe. Mapazia ni ya sebuleni. Rangi ya mchanga, usiseme itachafuka haraka, inafulika.

Mama, Habili aliniandikia hivi: "Tumesikia unataka kununua simu ya bei ya ng'ombe. Simu ya namna hiyo ni ya nini kwa mtu asiyesikia?" Sikumjibu. Nilikasirika, na mtu aliyekasirika huandika mambo ambayo kesho yake hawezi kuyafuta. Sasa nimepoa, na ninamjibu kupitia kwako.

Nianze na ugonjwa, kwa sababu simu ilianzia huko.

Tangu mwanzo wa mwaka damu yangu ya mwezi ilikuwa haikatiki. Tumbo la chini liliuma hadi nikawa nashona nimeinama kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Sikukwambia, nilijua hutalala. Bosi wangu, Bi. Wanjiru, yule mwenye karakana ya mapazia, ndiye aliyenilazimisha. Alinionyesha mlango kwa kidole, akanionyesha tumbo langu, akaweka mikono kiunoni. Hiyo hata asiyejua lugha ya ishara anaielewa.

Nilikwenda hospitali moja huku Parklands. Mkalimani wa ishara huwa yupo siku nyingine, siku hiyo hakuwepo. Jirani yangu Mama Brenda alikuwa amejitolea kunisindikiza, na ni mwanamke mwema, anayekupa chumvi kabla hujaomba. Basi tukaingia naye kwa daktari. Daktari akaongea, Mama Brenda akaitikia kwa kichwa. Daktari akachora kitu hewani kwa mikono, Mama Brenda akashika mdomo. Mimi nimekaa katikati yao, mwenye tumbo lenyewe, nasoma nyuso kama mtu anayetazama mvua kupitia kioo. Nikamsogezea daktari karatasi aniandikie. Akaandika neno moja la Kiingereza kwa mwandiko ambao ungehitaji mganga kuupigia ramli, kisha akarudi kuongea na Mama Brenda. Kulikuwa na foleni ndefu nje.

Tulipotoka nikamwomba Mama Brenda anieleze. Alichukua simu yangu akaandika: "Amesema kizazi iko na uvimbe. Itatolewa."

Mama, wewe ndiye uliyenifundisha kusoma Biblia kwa Kiswahili, nikafundishwa kwamba uvimbe utatolewa na kizazi kitatolewa. Lakini hapa Nairobi kila kitu ni itatolewa. Nikamuuliza, "Itatolewa nini? Uvimbe au kizazi?" Akanitazama kwa huruma, akanikumbatia. Nadhani yeye mwenyewe hakuwa na hakika, na akaona aibu kusema hakuelewa.

Huruma ile ndiyo iliyoniua. Nilijua basi ni kizazi.

Sijui Mama Brenda alimwambia nani. Labda alimwambia mtu mmoja tu ili waniombee. Nilipofika kwenye ploti yetu ya nyumba za kupanga jioni ile wanawake walikuwa bombani, na wote wakaacha kufua wakanipisha nichote maji kwanza. Hakuna aliyewahi kunipisha pale bombani. Siku ya tatu mama mmoja wa ushirika wetu akaniletea uji, akaniandikia mstari wa Hana na Samweli. Baadaye nikajua kwamba hata huko nyumbani mmepigiwa simu, na kwamba Shangazi Jeska amemuuliza Habili kama Zeki atatafuta mke mwingine. Ugonjwa wangu ulifika Chavakali, mama, kabla mimi mwenyewe sijajua ni ugonjwa gani.

Nililia, sitakudanganya. Nilimwambia Zeki kwa video, kwa ishara kama kawaida yetu. Kisimu changu kile chenye ufa kilikuwa kinakwamakwama, vidole vyake vikawa kama ukungu. Alikuwa ananiambia jambo refu, na mimi nilipata "usi" na "wewe" na "nyumba" basi. Nilikaa usiku kucha na maneno hayo matatu nikiyapanga huku na huku. Usirudi nyumbani? Usiondoke? Kesho yake aliandika kwamba alisema, "Usijali, wewe ndiye nyumba yangu." Hebu fikiria.

Ndipo nikaamua. Tarehe ya kurudi kwa daktari ilikuwa imeshapangwa. Nilijiapiza kwamba siku hiyo nitaingia katika kile chumba peke yangu, na nitatoka nikiwa najua.

Sasa kuhusu simu. Kuna programu ndani ya simu, mtu akiongea inasikiliza na kuandika maneno yake kwenye skrini hapo hapo. Ndugu mmoja wa ibada yetu ya viziwi ndiye aliyenionyesha. Kwenye simu yangu ya zamani niliijaribu nikachoka. Maneno yanakuja wakati mtu ameshamaliza kuongea na ameondoka, na herufi ni ndogo kama sisimizi. Ukiinama kuzisoma huoni uso wa mtu, na mimi nusu ya kusikia kwangu iko kwenye uso wa mtu. Nilihitaji skrini kubwa nitakayoiweka mezani, nisome kwa jicho moja huku la pili liko kwa anayesema. Bi. Wanjiru akanitajia simu moja mpya ambayo mteja wetu wa Lavington anayo, kubwa kama kitabu cha nyimbo. Hiyo ndiyo ya bei ya ng'ombe, Mama, ng'ombe wa gredi mwenye maziwa. Habili hakukosea hapo.

Lakini mimi sikutaka kuinunua kwa sababu ni kubwa, wala kuiacha kwa sababu ni ghali. Nilitaka kujua. Nikaomba ruhusa siku moja, nikaenda mjini, Luthuli, kule kwenye maduka ya simu yaliyopangana kama meno.

Duka la kwanza waliniona naongea kwa sauti yangu hii, unaijua, wakatazamana. La pili kijana akanionyesha simu za vibonyezo za wazee. Duka la tatu lilikuwa la mwanamke anayeitwa Nyambura, mnene kidogo, kucha za rangi ya zambarau. Nilimwambia, "Mimi ni kiziwi. Naongea lakini sisikii. Nataka kujaribu simu, si kuitazama." Hakunihurumia. Akavuta stuli mbili, akaitoa ile kubwa kwenye kabati la kioo, akafungua programu niliyomwonyesha, akaanza kuongea.

Maneno yakatokea: "Sasa sisi hii simu ni moto imeingia juisi."

Nilimwonyesha. Akacheka hadi akashika meza. Akaniandikia alichokuwa amesema: "Sasa siz, hii simu ni moto, imeingia juzi." Nikamwambia, "Ongea Kiswahili cha shuleni." Akakunja uso kama mtoto aliyeitwa ubaoni, akaongea polepole, na simu ikaandika vizuri, neno kwa neno, herufi kubwa kubwa: "Karibu dukani kwangu. Mimi naitwa Nyambura. Usiniulize ngeli, niliziacha darasa la nane."

Mama, nilisoma hayo nikiwa nimekaa wima, namtazama usoni, na mdomo wake na maneno vikawa vinakwenda pamoja. Sijui nikuelezeje. Ni kama pale mtu anapokufungulia dirisha ambalo ulidhani ni ukuta.

Ningeweza kuinunua pale pale. Mkono wangu ulikuwa umeshaingia kwenye mkoba. Lakini nikajiuliza, je, ni simu hii inayonifanyia haya, au ni programu tu? Nikamwomba Nyambura anipe nyingine kubwa ya bei ya chini, tuijaribu vilevile. Akasema, na simu ikaandika, "Wateja wangu huwa hawaulizi hivyo. Huwa wanauliza inapiga picha aje." Hata hivyo akatoa mbili. Moja ya bei nafuu kabisa, na nyingine ilikuwa kaka wa ile mpya, toleo la mwaka jana, ndani ya boksi lake, skrini ukubwa ule ule ukipima kwa kiganja. Bei yake ilikuwa ya mtamba ambaye bado hajazaa.

Ndani ya duka, simu zote tatu ziliandika sawa. Nikasema, twende nje. Nyambura akasita, maana simu hutoroka kirahisi pale barabarani, kisha akamwita mlinzi asimame nasi, akazishika zote mwenyewe. Nje kulikuwa na honi, mikokoteni, na mtu wa kuuza sumu ya panya mwenye kipaza sauti. Nyambura akaongea kwa sauti ya kawaida. Ile nafuu iliandika habari za panya tupu. Ile mpya ilimsikia Nyambura. Na ile ya mwaka jana ilimsikia pia, ikapoteza neno moja au mawili.

Tukarudi ndani nikampigia Zeki kwa video. Alikuwa karakanani, mahali pa giza penye vumbi la mbao. Kwenye ile nafuu mikono yake ilikuwa kivuli. Kwenye zile mbili kubwa niliona hata plasta kwenye kidole gumba. Nikamuuliza kwa ishara, "Umejikata?" Akakificha nyuma. Nikamweleza bei. Akaniambia, "Chukua ile mpya. Nitauza randa yangu ya umeme." Nikamwambia, "Uuze randa halafu useme nami kuhusu nini, njaa?" Akacheka. Nilimwona akicheka vizuri, Mama, meno yote.

Nikamgeukia Nyambura. "Sasa niambie ukweli. Hii mpya inanipa nini ambacho kaka yake hanipi?"

Akafikiri. Nilimpenda kwa kufikiri kwake. Simu ikaandika: "Hii mpya inapiga picha ya mwezi. Mwezi kabisa, unaona mashimo."

"Mwezi nauona mwenyewe," nikasema.

"Na ni nyembamba. Na watu watakuheshimu ukiitoa kwa mkoba."

Hilo lilinigusa. Mtu aliyepishwa bombani kwa huruma anaweza kutamani sana kuheshimiwa kwa simu. Nilijiona nikiingia kwenye ploti nayo, na Mama Brenda akiitazama. Nikajua kwamba sehemu ya ng'ombe yule ningekuwa nalipia hayo macho ya Mama Brenda. Mimi nilikwenda kununua sikio. Basi nikasema, "Nifungie ya mwaka jana."

Hukumu yangu ndiyo hiyo, umpelekee Habili. Ile simu kubwa mpya ni nzuri kweli, hawadanganyi, lakini kwangu mimi haifai bei yake. Ile ya mwaka jana inafaa, hata kama ni mtamba, na sitaomba radhi kwa mtu yeyote. Sikukopa. Nimeilipa kwa mapazia niliyoshona kwa mikono yangu. Na kama anauliza simu ni ya nini kwa mtu asiyesikia, mwambie anayesikia ndiye angeweza kuishi bila simu hiyo.

Sasa sikiliza siku ya daktari.

Mama Brenda alijitolea tena kunisindikiza. Nilimshukuru, nikamwambia nakwenda peke yangu. Uso wake ulishuka. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Hukunikosea. Lakini hii ni yangu." Sijui kama alielewa, aliniachilia.

Daktari alikuwa yule yule. Alitazama nyuma yangu kuona nimekuja na nani. Nikafunga mlango. Nikaweka simu mezani, nimeiegemeza kwenye boksi la glavu, skrini ikanitazama mimi, nikamweleza. Akafurahi, nadhani, akainama akaanza kuiongelesha simu kwa karibu kama mtu anayeongea na mgonjwa mdogo ndani ya kisanduku. Maneno yalikuja lakini uso wake ulipotea. Unajua mimi na wakubwa, nilivyofundishwa kuitikia tu. Nikajikaza nikasema, "Daktari, niangalie mimi. Simu inasikia hata ukikaa wima."

Akanyanyuka. Aliona haya. Akasema, "Samahani. Ni kweli," na nilisoma samahani hiyo mara mbili, kwenye uso na kwenye skrini.

Nikamuuliza swali nililokuwa nimelibeba wiki hizo zote. "Itatolewa nini? Uvimbe, au kizazi?"

Akaonekana kushangaa kwamba nauliza. Akaongea. Skrini ikaandika: "Tunatoa uvimbe peke yake. Mfupa wa uzazi unabaki."

Mfupa! Nikamgeuzia simu asome. Akatikisa kichwa haraka, akasogea mbele, akasema polepole huku akinitazama machoni, na kabla skrini haijamaliza nilikuwa nimeshasoma midomoni mwake: "Mfuko. Mfuko wa uzazi unabaki."

Nikauliza kama ni saratani. Akasema vipimo havionyeshi saratani. Nikauliza kama nitazaa. Hapo hakukimbilia. Skrini ikaandika: "Siwezi kukuahidi. Lakini uvimbe ukitoka, nafasi ipo. Wanawake wengi hupata." Nikamwomba anichoree ulipo. Akachora. Niliuliza maswali mengine, ya upasuaji, ya usingizi, ya chakula, na foleni nje ilingoja. Na mimi huwa nangoja.

Nilipotoka sikulia. Nilikaa kwenye benchi la nje, nikampigia Zeki, nikamwambia yote kwa mikono miwili, watu wakipita wakinitazama. Yeye ndiye aliyelia. Niliona kila chozi.

Kwa hiyo, Mama, Zeki alijua wa kwanza baada yangu, na wewe ni wa pili. Kizazi changu kipo. Hakitolewi. Upasuaji ni mwezi ujao. Kule kanisani wakikuuliza, uwajibu wewe mwenyewe, kwa kadiri utakavyopenda, lakini usimwachie mtu mwingine kujibu. Na Shangazi Jeska umwambie Zeki hatafuti mke, anatafuta mbao kavu.

Nisalimie Baba, umwambie binti yake ameongea na daktari bila kuinamisha kichwa. Msalimie kaka yangu Habili, simchukii, na akija Nairobi nitampa simu aongee hadi achoke. Msalimie shemeji, mke wa Habili, mwambie nguo ya mtoto wake nimeiacha pindo refu ili aachie akikua. Mpe Bibi mkono wangu, na sukari iliyo kwenye kona ya kifurushi ni yake, usimpimie.

Nina ombi moja. Nataka uje wewe ukae nami wakati wa upasuaji, usitume mtu badala yako. Zeki atakupokea stendi. Tangu homa ile ya uti wa mgongo iliponiziba masikio nikiwa darasa la tatu, nyote mmekuwa mkinifupishia. Mnacheka mezani, nauliza mnacheka nini, mnaniambia, "Ah, ni Baba tu." Mtu amekufa, mnasimulia nusu siku, mimi napata jina lake. Sikulaumu, Mama. Mikono yako ilikuwa na jembe na watoto wengine, haikuwa na nafasi ya maneno yangu yote. Lakini sasa nafasi ipo. Simu haijui lugha yetu ya nyumbani, nimeijaribu ikaniandikia upuuzi, kwa hiyo utajitahidi na Kiswahili chako cha kanisani. Tutakaa hapa mlangoni, mimi na wewe. Anza na chochote, hata uvumi wa sokoni, hata Baba anachekesha nini.

Usinifupishie.

Mwanao anayekungoja,
Rispa